Kumbukumbu ya Juni 10: mahali pamebadilika

Assalaam aleikum ndugu na dada zangu,

Safari ya boti kwenda Manda haipo tena. Upepo wa kusi umechachamaa, na manahodha wetu wenyewe wamesema tusijaribu. Tutakutana Mkunguni, mbele ya Ngome ya Lamu, Jumatano tarehe 10 Juni, saa moja usiku, baada ya magharibi.

Ndiyo siku helikopta ya polisi ilipoanguka Ngong mwaka 2012. Watu humtaja Saitoti, aliyekuwa Waziri wa Usalama wa Ndani, na naibu wake Ojode, basi. Sisi tutayasoma majina yote sita, tukianza na marubani, Nancy Gituanja na Luke Oyugi, kisha tuwaombee askari na waokoaji wote wa angani waliofia kazini.

1. Mchango ni shilingi 200, umfikie mweka hazina kabla ya Jumatatu usiku. Ni wa kahawa, halua na asumini.
2. Leteni fanusi, si mishumaa! Mwaka jana upepo uliizima yote dua ikiwa nusu, tukabaki na moshi.
3. Nahitaji vijana wanne wa kubeba majamvi.

Tafadhali andika "nipo" na idadi yenu kabla ya kesho adhuhuri. Atakayenyamaza sitamhesabu, kahawa ya mwaka jana tuliimwaga.