Mjomba, kitufe cha spika nitakishika mimi

Mjomba,

Nakuandikia hadharani kwa sababu simu zangu hushiki, na kwa sababu najua wale vijana wa duka la jirani watakusomea hata ukikataa.

Jumamosi ile nilipopita kibandani kwako Luthuli, hapa Nairobi, nilikuwa na nia njema. Nilikuta meza imejaa matumbo ya amplifaya ya mtu, nikachomeka simu kwenye ile spika moja ya kujaribia, nikakuwekea albamu ya Foo Fighters, ile bendi ya roki ya Marekani, But Here We Are. Wimbo wa kwanza haukufika nusu. Ulinyoosha mkono bila kuinua macho, ukazungusha kitufe hadi kikasema tak. "Huyu si Taylor," ukasema. Nikakwambia Taylor, mpiga drams wao, alishakufa. Ukajibu kwamba unajua, na kwamba watu wanaochuma pesa kwa msiba hawana haya. Kisha ukarudi kwenye risasi yako ya kulehemu na moshi wake.

Nimekaa na maneno hayo wiki tatu. Sasa nisikilize.

Taylor Hawkins alifariki tarehe 25 Machi 2022, hotelini Bogotá, saa chache kabla ya kupanda jukwaani. Alikuwa na miaka 50. Albamu ilitoka tarehe 2 Juni 2023. Hapo katikati ni miezi 14. Kwetu huo ni muda wa nini, Mjomba? Babu alipofariki, mwaka ulipoisha tulikodi hema na viti, tukachinja, tukajengea kaburi kwa saruji, na vipaza sauti ulileta wewe. Muziki ulipigwa hadi jirani akaenda kulalamika kwa chifu. Sikumsikia mtu akisema tunauza msiba.

Ila sikio lako halikukosea, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu. Anayepiga drams humo ndani ni Dave Grohl mwenyewe, mwimbaji na kiongozi wa bendi. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba kabla ya kushika gitaa na maikrofoni alikuwa mpiga drams wa bendi ya Nirvana. Mwimbaji wao, Kurt Cobain, alipokufa Aprili 1994, Dave aliingia studio akarekodi karibu kila chombo peke yake, na hiyo ndiyo ikawa albamu ya kwanza ya Foo Fighters, 1995. Walipotengeneza ya pili akarudia mwenyewe sehemu nyingi za drams, na mpiga drams waliyekuwa naye akajiondoa. Mtu wa namna hiyo hakai na mtu yeyote nyuma yake. Halafu mwaka 1997 akaja Taylor, kutoka bendi ya mwimbaji Alanis Morissette, na kwa miaka 25 Dave akaweza kusimama mbele na kumpa mtu mgongo bila wasiwasi.

Ukijua hayo, hebu fikiria siku aliyorudi kuketi kwenye kile kiti. Angeweza kukodi mtu. Los Angeles haina uhaba wa wapiga drams, na kwa ziara ya albamu hiyo walimchukua mmoja wao, Josh Freese. Studio lakini aliketi mwenyewe. Taylor alikuwa akigonga matoazi kama mtu anayecheka. Huyu anapiga kama anayepigilia misumari kwenye mabati. Wewe ulisikia tofauti hiyo kwa dakika moja na nusu tu, huku umeinama juu ya meza ya kazi, halafu unaniambia muziki ulishakutoka!

Sisemi yote ni mazuri. "Beyond Me" imetiwa sukari kama chai ya matanga. "Under You" ni tamu, naipenda, lakini ni ya kupikia na redio ikiwa pembeni. Kitu chenyewe kiko wimbo wa tisa, "The Teacher". Mwaka uleule wa 2022 Dave alimpoteza pia mama yake, Virginia, aliyekuwa mwalimu wa shule, na albamu imetolewa kwa heshima ya wote wawili. Wimbo huo una dakika 10. Unatulia, unapanda, unasimama karibu ufe, unaanza tena, na mwishoni anaaga, anaaga, anaaga, kelele zikipanda juu ya sauti. Mara ya kwanza nilidhani spika yangu imechanika. Nilikuwa ndani ya matatu ya kwenda Buruburu, nikavua visikizi nikaviangalia kama mshamba.

Halafu kuna mtoto wake Taylor, Shane. Tarehe 3 Septemba 2022, Wembley, alikuwa na miaka 16, akaketi mahali pa baba yake wakapiga "My Hero". Nilikutumia video hiyo. Hukujibu, lakini zile tiki mbili za buluu nilizipata saa saba usiku.

Najua unamfikiria nani. Jina lake silitaji hapa. Ni miaka sita tangu tumzike Lang'ata, na miaka sita tangu umuuzie mwanafunzi fulani gitaa lako kwa bei ya aibu. Mwenzenu wa kinanda aliniambia alikupigia mara mbili mkutane tu, hata bila kupiga kitu, ukamwambia bendi ilizikwa. Sikulaumu. Mimi sijui ni vipi kusimama jukwaani ukageuka ukakuta mwingine nyuma yako.

Lakini Jumamosi ile uliponituma bisibisi ndogo nikafungua droo ya chini badala ya ya juu. Vijiti vyake vimo humo, vimefungwa pamoja kwa kipande cha tyubu ya baiskeli, kimoja kimeliwa ubavu mmoja kama kilichotafunwa na panya. Havina vumbi, Mjomba. Droo nzima ina vumbi, vyenyewe havina. Nilivirudisha nikakwambia bisibisi siioni.

Jumamosi hii nitakuja tena, saa kumi, wateja wakishapungua. Dada yako anakuletea chapati. Tutaanzia wimbo wa tisa, na kiti changu nitakiweka upande ule wa kitufe.

Mpwa wako