Akwariumu ndogo ya maji ya chumvi haiko rahisi, muwaambie watu ukweli

Ndugu Mhariri,

Salamu kutoka hapa Katuba, Lubumbashi. Gazeti lenu nalisoma kila wiki, kama sijanunua basi nasomea kwa jirani, na ile habari yenu ya juzi juu ya kuweka bahari mu nyumba niliisoma mara mbili. Mwandishi wenu anasema eti kwa mtu anayeanza, akwariumu ndogo ya lita 30 njo nzuri, asubuhi unatia maji na chumvi, jioni unatia samaki, watoto wanafurahi. Aah Mhariri, hapo mumetupoteza. Samaki watakufa, na franka za mtu zitaenda nao.

Mimi niko na akwariumu ya matumbawe ya lita 60 mu salon. Hii ni ya pili, ya kwanza niliizika. Matumbawe niliyaona mara ya kwanza Dar es Salaam nilipokuwa naenda na malori, kijana mmoja alinipeleka na mtumbwi nikachungulia chini, tangu siku ile roho haikutulia. Hata bahari yetu ya Kongo kule Muanda haina kitu cha namna ile, juu mto unamwaga pale maji matamu na matope mengi sana, na matumbawe yanataka maji ya chumvi, masafi, yenye jua. Basi nikasema nitajitengenezea yangu.

Kosa la kwanza ni hilo lenu, haraka. Aliyeniuzia aliniambia ngoja siku 3 tu, siku ya 3 nikatia samaki-klauni wawili, wale wa rangi ya chungwa wenye mistari myeupe, siku ya 9 wote wawili wamelala chini. Maji yalikuwa yanang'aa kama ya chupa. Kumbe samaki anakojoa na kunya mule mule, chakula kinaoza mule mule, inatoka amonia ambayo macho hayaioni, na kwenye akwariumu mpya bado hakuna bakteria wa kuigeuza kuwa nitriti, halafu wengine wa kugeuza nitriti kuwa nitrati ambayo haina ukali sana. Hao bakteria wanajenga makao ndani ya mawe, na wanachukua wiki 4 mpaka 6, hata uwe na pesa namna gani. Safari ya pili nilitia mawe, mchanga na kipande cha kamba mbichi, yule wa baharini wa kuliwa, kioze kitoe amonia ya kulisha hao bakteria, nikawa napima kila siku ya pili, mke wangu akawa anauliza hii televizyo ya mawe tutaiangalia mpaka lini. Wiki ya 5 amonia sifuri, nitriti sifuri, njo nikatia samaki mmoja. Mmoja.

Sasa hili neno "ndogo". Watu wanafikiri kidogo ni rahisi kama vile shamba dogo ni rahisi kulima, lakini maji yanaenda kinyume. Konokono mmoja akikufa kwenye lita 300 hakuna atakayejua, kwenye lita 30 asubuhi nyumba inanuka na wengine wanamfuata. Na kuna ile ya maji kupanda hewani. Hapa kwetu wakati wa kiangazi hewa ni kavu mpaka midomo inapasuka, akwariumu yangu ilikuwa inapoteza karibu nusu lita kwa siku, mimi kwa akili yangu nikawa najaza na maji ya chumvi juu si ni maji ya bahari, bahari inajazwa na bahari. Piga hesabu na mimi: lita 60 kwa gramu 35 kila lita, kama bahari yenyewe, ni gramu 2100 za chumvi. Maji yanapanda, chumvi haipandi, inabaki. Kwa wiki 4 nilijaza lita 14 za chumvi, yaani niliongeza gramu 490, sasa niko kwenye gramu 43 kwa lita. Konokono walijifungia mu nyumba zao wakaanguka kutoka kwenye kioo mmoja mmoja, nasikia tu tik, tik, usiku. Yaliyopanda hewani unajaza na maji matamu masafi, basi. Nimepiga alama ya kalamu kwenye kioo, kila asubuhi kabla ya chai natazama alama.

Chumvi yenyewe siyo ile ya kutia mu sombe. Ya jikoni ni sodiamu na klorini karibu peke yake, ya akwariumu iko na kalsiamu, magnesiamu na vingine ambavyo matumbawe yanajengea mifupa. Ndoo yangu ya kilo 20 ilipita Kasumbalesa, pale mpakani, watu wa dwane waliifungua wakanusa, mmoja akaonja! Ila kwa akwariumu ndogo inadumu zaidi ya mwaka mmoja na nusu, lita 6 tu nabadilisha kila wiki. Funga kifuniko vizuri wakati wa mvua, la sivyo inakuwa jiwe.

Nije kwenye jambo ambalo mwandishi wenu hakuligusa hata kidogo na yeye anaandikia watu wa Lubumbashi: shaba. Huu mji umejengwa na shaba, tumekula shaba, tumesomeshwa na shaba, lakini kwa konokono, kamba na matumbawe shaba ni sumu, hata kidogo sana. Kwa hiyo maji ya robine yanayopita mu tiyo za zamani, au ya kisima kilichochimbwa kwenye udongo wetu huu mwekundu, usibahatishe nayo. Mimi nachuja na ile mashini ya osmozi, inayosukuma maji yapite kwenye ngozi yenye vitundu vidogo sana, uchafu unabaki nyuma. Inataka maji yenye nguvu, robine yangu inatoka vizuri usiku wa manane tu na hata hapo nimeongeza pompi ndogo ya kusukuma, naamka saa nane za usiku kupanga bidoni kama mtu wa foleni. Kwa kila bidoni moja safi zinatoka tatu au nne za kutupa, hizo mama watoto anafulia, hapo njo alianza kuipenda akwariumu. Hata dawa nyingi za vimelea vya samaki ni za shaba, samaki mgonjwa mtoe umtibu kwenye ndoo yake peke yake.

Shemeji yangu alikuja kutembea, akaona mawe yangu ya kijivu akasema kaka, haya hayana uzuri, wiki iliyofuata akaniletea malakiti kubwa kama ngumi, ya kijani yenye mizunguko, imesuguliwa mpaka unajiona. Alikuwa ameshakunja mkono wa shati anataka kuitumbukiza. Nilimshika mkono hewani! Malakiti ni shaba iliyoungana na kaboni, oksijeni na hidrojeni tu, ni madini yenyewe, angeua kila kitu kwa wema wa moyo. Alinuna kidogo.

Umeme ninyi wenyewe munajua. Delestaji ikija, umeme ukikatwa, pompi inasimama, maji hayazunguki, hewa inapungua, rezistansi ya kupasha maji nayo inapoa. Usiku mmoja wa mwezi wa saba maji yalishuka kutoka digri 25 mpaka 21, nilifunika kioo na blanketi za watoto. Mtu asije akaweka mbabula ya makaa mu chumba ili apashe samaki, ule moshi utaua wenye nyumba kwanza. Nilichofanya, nilinunua batri ya gari ya ampea 60 na inverta ndogo, ile ya kugeuza umeme wa batri uwe kama wa nyumba, kwa pompi tu, pompi inakula wati 5, inazunguka zaidi ya siku nzima. Taa inaweza kuzima usiku mmoja na hakuna atakayekufa, maji kuzunguka njo muhimu.

Matumbawe ya kuanza nayo ni yale malaini, ya ngozi au ya uyoga, yanasamehe makosa. Yale ya vifungo vingi vya rangi rangi, zoa, ni mazuri lakini mengine yana sumu kali, usiyakate mikono mitupu, na usichemshe mawe yake hata siku moja. Na mtu asiende pwani kuvunja ya baharini ayapitishe mpakani ndani ya begi, matumbawe magumu yanalindwa na mkataba wa CITES, ule wa mataifa juu ya kuuza wanyama na mimea ya porini, na yanataka karatasi. Anemoni, yule mnyama wa baharini kama ua ambamo samaki-klauni anajificha, mwache kabisa mwaka wa kwanza, samaki-klauni anaishi vizuri bila yeye.

Ninachoomba ni kidogo, Mhariri. Pale mulipoandika "jioni", toleo linalokuja muandike "baada ya wiki 6", na pale penye lita 30 muweke 60 au zaidi kama mtu ana nafasi. Samaki-klauni wangu wa sasa, yule mmoja na mwenzake niliyemtia baadaye, wako wazima, mmoja amekua kumzidi mwenzake, maana yake huyo njo amegeuka mwanamke, wote wanazaliwa wanaume na mkubwa njo anageuka. Majirani bado wananiuliza ni lini nitawapika na bukari. Malakiti ya shemeji iko juu ya televizyo, akija anaiona.

Msomaji wenu,
Katuba, Lubumbashi