Kwa Salma, kuhusu gauni la sendofu

Shoga yangu Salma,

Salaam aleikum, na za masiku? Huku wazima, mama magoti tu. Najua nimenyamaza mno, utanisema tukionana. Leo nina shida, ndiyo maana unaniona.

Sendofu ya Rehema wameamua tuvae mitindo ya miaka ya 60. Nikampa fundi wa huku picha ya gauni la Mary Quant, yule mbunifu wa mavazi wa Uingereza: fupi, halishiki kiuno, kola nyeupe ya mviringo. Jana nimelichukua. Salma, ni sare ya chekechea! Shingo ya kola kaikata karibu nyoofu, basi imesimama badala ya kulala. Pindo nalo hakuhesabu makalio, nyuma linapanda. Mwanaidi kaniuliza chupa ya uji iko wapi.

Halafu ndiye aliyeniharibia usingizi: mwanamke mzima ajivike utoto kwa nini? Nikamjibu kwamba Quant alipofungua duka lake la Bazaar, King's Road, London, mwaka 1955, binti alikuwa akitoka kwao anavaa kama mama yake, kiuno kimebanwa, glovu mkononi. Yeye akachukua nguo za msichana wa shule, gauni lisilo mikono la kuvalia juu ya blauzi, soksi ndefu, viatu bapa vya mkanda, ili mtu aweze kukimbilia basi. Hata kodi ilichanganyikiwa! Uingereza nguo za watoto zilisamehewa, sketi fupi zikapenya humo humo. Ningekuwa na duka enzi hizo...

Ila Mwanaidi naye ana lake. Mwaka 1966 kaja Twiggy, mwanamitindo wa London, miaka 16, nywele za kivulana, kope za chini zimechorwa kama za mwanasesere, na gazeti likamtangaza sura ya mwaka. Wanawake wenye watoto watatu wakaanza kujinyima kula wapate miguu ile. Uhuru gani huo?

Na bebidoli je, ile nguo fupi pana ya kulalia? Sylvia Pedlar wa New York aliikata fupi nguo ya kulalia mwaka 1942 kwa sababu ya vita, kitambaa adimu, na jina hilo mwenyewe hakulipenda. Mwaka 1958 Balenciaga, mbunifu wa Paris, akatoa gauni la umbo hilo, pana, mwili unapumua ndani. Mimi naona utoto si tatizo, tatizo ni anayetazama. Mwanaidi hataki kusikia.

Mama katusikia, akacheka: “Nyie mnabishana utoto, sisi tuliambiwa uhuni.” Si unaikumbuka Operesheni Vijana ya Umoja wa Vijana wa TANU? Mini zilipigwa marufuku Dar kuanzia Januari 1969. Anasema alibeba kanga mkobani, akiona vijana wale anajifunga, wakipita anafungua.

Haya, gauni langu. Ukichora kola unalaza kwanza mabega ya mbele na nyuma pamoja, si ndivyo? Na kola ya chini, ile ya upande wa ndani, iwe ndogo kidogo? Nikikutumia kwa basi Ijumaa utaiwahi? Pindo lishushwe, au nimkomeshe Mwanaidi nilipunguze zaidi? Lesi ya harusi ya Zuhura ilibaki? Idi bado ananuna? Na wewe mwenyewe utakuja, au ndiyo visingizio vya wateja wa sikukuu ya Idi tena?

Wako,
Maimuna