Risala ya Wenye Maduka ya Rejareja kwa Mkuu wa Wilaya, Siku ya Mgao

Mheshimiwa Mkuu wa Wilaya, mgeni wetu rasmi, Mheshimiwa Diwani, Mwenyekiti wa Mtaa, wazee wetu, wageni waalikwa na wanakikundi wenzetu, itifaki imezingatiwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, karibu sana, na ahsante kwa kukubali mwaliko wetu. Sisi ni wanawake thelathini na mmoja wenye maduka ya mtaani hapa Morogoro, na leo tunatimiza miaka kumi tangu tuanze kuweka hisa pamoja. Kikundi hiki kilizaliwa kwa sababu ya sukari, kwa hiyo utuwie radhi tukianzia hapo.

Mkoa wetu una kiwanda cha Kilombero, una Mtibwa, na sasa una Mkulazi. Mtu wa mbali anadhani sukari tunaichota tu. Februari 2016 serikali ilizuia kuingiza sukari kutoka nje bila kibali, ili kulinda viwanda vya ndani. Nia ilikuwa njema. Lakini sukari inayozalishwa nchini ilikuwa haitoshi mahitaji, na masika yalikuwa mlangoni, wakati ambao viwanda hufunga kwa matengenezo. Bei ikaanza kupanda, ikatangazwa bei elekezi: shilingi 1,800 kwa kilo, nchi nzima.

Hesabu ya dukani ni fupi. Mfuko wa kilo 50 kwa bei ile unakupa shilingi 90,000 ukiuuza wote bila punje kumwagika. Sisi kwa muuzaji wa jumla tulikuwa tunaukuta kwa 110,000, risiti hakuna, au inaandikwa bei nyingine. Na hata hiyo 110,000 hupewi mfuko mpaka uchukue na katoni mbili za biskuti zisizotoka. Kisha maofisa wakaguzi wanakuja dukani kwako, siyo kule ulikonunua, kwa sababu duka lako liko barabarani na ghala liko nyuma ya geti. Wengi wetu tuliacha kuuza sukari. Waliobaki waliuza kwa kujificha, na anayenunua robo ndiye aliyeumia zaidi: badala ya 450, robo ilifika 600 na kuendelea, tena kwa mwenye duka anayemfahamu.

Mwezi Mei mwaka ule tukakaa saba chini ya mwembe wa mwenzetu, tukachanga fedha, tukaenda kununua kwa pamoja ili tupate sauti kwa muuzaji wa jumla. Huo ndio mwanzo wetu.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, mama zetu walipotuona tunahangaika walisema hili wanalijua. Mwaka 1973 ilitungwa sheria ya kudhibiti bei na ikaundwa Tume ya Bei ya Taifa. Mwaka 1976 maduka mengi ya watu binafsi yalifungwa ili maduka ya ushirika yachukue nafasi. Vita vya Kagera vikaja, mafuta yakapanda bei duniani, fedha za kigeni zikakauka. Sabuni ilikuwa na bei halali iliyoandikwa, ila sabuni yenyewe haikuwepo. Watu waliweka jiwe kwenye foleni alfajiri ili kushika nafasi, wakaenda shamba, wakarudi. Mwaka 1983 ikapigwa vita dhidi ya wahujumu uchumi na walanguzi, na kweli walanguzi walikuwepo. Hata hivyo, wazee wetu wanakumbuka kwamba rafu zilianza kujaa baada ya 1984, serikali iliporuhusu mwenye fedha zake za kigeni aingize bidhaa.

Hatuji mbele yako kusema serikali isipange bei. Tunaiona EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, inatangaza bei kikomo za mafuta kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Bei hizo hufuata gharama za kuagiza na soko la dunia, zinapanda na kushuka, na kila mji una bei yake kulingana na umbali. Bodaboda wetu wanalalamika, lakini kwa kawaida mafuta wanayapata. Agosti 2011 bei iliposhushwa na wenye vituo wakaona hailipi, pampu zilikauka kwa siku kadhaa. Tofauti tunayoiona ni hiyo: bei inayopumua pamoja na gharama, mzigo unabaki, bei iliyofungwa kamba, mzigo unakimbia.

Kuhusu mshahara, Mheshimiwa, sisi tunasimama pande zote mbili za kaunta. Wateja wetu ni walimu, wauguzi, walinzi, wasichana wa kazi. Julai 2025 kima cha chini cha watumishi wa umma kilipopanda kutoka 370,000 hadi 500,000, daftari zetu za mikopo zilipungua kurasa. Kwa sekta binafsi, wastani wa kima cha chini umetoka 275,060 hadi 358,322 kuanzia Januari 2026. Hizo ni fedha zinazolala kwenye maduka yetu.

Wapo wanaosema kupanga mshahara ni sawa na kupanga bei ya sukari. Sisi hatukubali moja kwa moja. Mnunuzi wa sukari akiona bei mbaya anavuka barabara. Msichana aliyetoka kijijini na kufikia nyumbani kwa bosi wake hana barabara ya kuvuka; anapokea anachopewa. Amri ya mishahara iliyoanza Januari 2023 ilipomtoa 40,000 na kumpeleka 60,000, ilimsemea mtu asiyekuwa na msemaji.

Lakini tuseme ukweli wote. Amri hiyohiyo iliweka 150,000 kwa wafanyakazi wa biashara, kutoka 115,000, na si sote tuliimudu. Wenzetu wawili waliamua kugawana kijana mmoja kwa fremu mbili. Mmoja alimwachisha kazi kijana wake, na jioni mtoto wake wa darasa la sita ndiye akawa anapima mchele. Jambo hilo lilituuma, tukalijadili kikaoni. Waliolipa kiwango kamili wametueleza kwamba vijana wao wameacha kuhama kila baada ya miezi mitatu, na upotevu dukani umepungua.

Maombi yetu ni haya. Bei kikomo ya sukari ikitangazwa tena, ianzie kiwandani, ipite kwa muuzaji wa jumla kwa risiti, ndipo ifike kwetu, na ukaguzi ufuate njia hiyohiyo. Mwaka 2024 sheria ilibadilishwa ili NFRA, wakala wa taifa wa hifadhi ya chakula, iweze kununua na kuhifadhi sukari, baada ya mvua za El Niño kuharibu miwa na kilo kupita 4,000; tunaomba akiba hiyo ijulikane mapema kila mwaka, kabla ya masika, ni tani ngapi na ziko wapi. Na mwenye duka dogo anayelipa kima cha chini kwa mkataba apewe nafuu ya tozo za halmashauri, ili asimwachishe mtu kazi.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sanduku la akiba tunazogawana leo liko mezani na washika funguo watatu wako mbele yako. Tunakuomba ushuhudie likifunguliwa.

Tunaomba kuwasilisha.