Kisu cha mkono mmoja kisifukuzwe Mwaloni

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nimjibu mzazi mwenzangu aliyeandika wiki iliyopita akitaka wauzaji wa Makoroboi na Mwaloni, hapa Mwanza, wazuiwe kuuza visu vya kukunja vinavyofunguka kwa mkono mmoja. Anasema mtu mwema hufungua kisu kwa mikono miwili, taratibu, na anayetaka kukifungua kwa kidole gumba ana jambo lake. Uchungu wake naujua, nami nimelea vijana wa kiume katika mji huuhuu. Ila nimevua kwa makila, nyavu za kutega, miaka mingi kabla ya kufungua duka la zana za uvuvi hapa Kirumba, na nasema wazi: kisu anachotaka kifukuzwe ndicho ningependa kila mvuvi awe nacho mfukoni.

Tuanzie ziwani, maana huko ndiko kwenye hoja.

Nyavu za makila hutegwa boti ikiwa inatembea. Mmoja yuko kwenye injini, wengine wanaachia wavu, nao unashuka majini na kamba yake ya juu yenye maboya na ya chini yenye uzito. Ukisimama karibu na rundo lile, miguu yako imezungukwa na kamba. Kitanzi kikikaza kwenye kifundo cha mguu, boti inakwenda mbele na wavu unakuvuta nyuma. Mkono wa kwanza unakamata ukingo wa boti kabla hujafikiri lolote, na ukiuachia umekwenda. Umebakiwa na mkono mmoja. Sasa mpe mtu huyo kisu cha kukunja cha kawaida, kile chenye mfuo mdogo wa kuingiza ukucha, springi ngumu ya mgongoni, na vidole vyake vimejaa ute wa samaki. Atakifunguaje?

Wanakifungua kwa meno. Na mimi nimefanya hivyo, upande wa kisiwa cha Kome, kijana tuliyekuwa naye aliponaswa mguu. Nilimdaka mkono kiuno chake kikiwa kimeshapita ukingo. Injini ilizimwa, lakini upepo uliendelea kuisukuma boti na wavu ulikuwa umeshika chini, kwa hiyo kamba ilizidi kukaza. Kisu cha ala cha boti kilikuwepo, kikali, kimelala chini ya rundo la wavu ambalo hakuna aliyeweza kulisogeza kwa wakati ule. Nikatoa cha mfukoni kwa mkono uliobaki, nikauma bapa, nikavuta mpini. Makali yalinichana mdomo wa chini na kovu lipo hadi leo. Kijana tulimpandisha akiwa na ngozi iliyochubuka tu, na sasa ana boti yake Igombe. Lakini muda ule wa kuhangaika na ukucha, kisha na meno, ndio muda ambao mtu huzama.

Kwenye propela ni hivyohivyo. Anayejua ziwa letu anajua magugu maji na vipande vya timba, zile nyavu za plastiki, vinavyoelea. Vikijisokota kwenye propela unazima injini, unainyanyua, unalala kifudifudi nyuma ya boti, mkono mmoja umekumbatia injini na mwingine unakata. Mawimbi yanakupandisha na kukushusha. Hapo hakuna mkono wa pili wa kuazima.

Na sijasema habari ya sangara. Mfuniko wa shavu lake una kingo zinazokata kama kipande cha chupa, na mvuvi mwenye kiganja kilichovimba kwa sababu hiyo anaendelea kwenda kazini, kwa sababu nyumbani wanakula kila siku. Mtu huyo ana mkono mmoja tangu anatoka ufukweni.

Sasa nije kwenye jambo ambalo naona mzazi mwenzangu amelichanganya. Kuna kisu cha springi, ambacho unabonyeza kitufe kwenye mpini na bapa linaruka lenyewe. Hicho Marekani walikitungia sheria mwaka 1958 kuzuia kisifanyiwe biashara kutoka jimbo hadi jimbo, na Uingereza wakakipiga marufuku mwaka uliofuata. Sina ugomvi na sheria hizo. Kisu cha mkono mmoja ninachokitetea hakina nguvu ya kuruka. Bapa lina kitundu, au kichwa kidogo cha chuma ubavuni, na kidole gumba ndicho kinacholisukuma kuanzia mwanzo hadi mwisho. Usiposukuma, halifunguki. Kampuni ya Marekani ya Spyderco, iliyoanzishwa na Sal Glesser, ndiyo iliyokitangaza mtindo huu mwaka 1981 kwa kisu chao cha Worker, chenye kitundu cha duara kwenye bapa na klipu ya kukishika ukingoni mwa mfuko. Klipu ile nayo ni kitu kikubwa kuliko inavyoonekana: kisu hakizami chini ya mfuko pamoja na funguo na chenji, kinakaa palepale mkono unapokitarajia.

Kuhusu wahuni, nimwulize mzazi mwenzangu kwa upole. Mtu aliyetoka nyumbani akiwa na nia ya kudhuru anahangaika na kisu cha kufungua cha nini? Kisu cha jikoni chenye mpini wa mbao kinauzwa kila duka la mtaani, kiko wazi tayari, kirefu zaidi, na bei yake ndogo. Panga je? Vijana wanaosimama vijiweni wakifungua na kufunga visu ili waonekane, hao hata mimi wananichukiza, na dukani kwangu mtoto wa shule hauziwi kisu cha aina yoyote. Azuiwe muuzaji anayemuuzia mtoto. Mvuvi wa Igombe hakuhusika.

Ni kweli zipo nchi zilizovibana visu hivi. Ujerumani tangu mwaka 2008 huruhusiwi kutembea hadharani na kisu chenye loki, yaani kitu cha kulishikilia bapa lisijikunje, kinachofunguka kwa mkono mmoja, isipokuwa una sababu halali, na kazi imo kati ya sababu hizo. Uingereza unaruhusiwa kubeba bila kutoa sababu kisu cha kukunja kisicho na loki, makali yasiyozidi sentimita 7.62. Wao wameangalia barabara za miji yao, na hata hivyo Wajerumani wamemwachia mlango mtu wa kazi. Sisi tukianza kwa kuufunga mlango huo tutakuwa tumewapita kwa ukali, na wenye kazi inayohitaji kisu hiki tunao wengi kandokando ya ziwa lote, kuanzia hapa mpaka Ukerewe na Kome.

Na hiyo habari ya nchi hizo kubana loki sikubaliani nayo hata kidogo. Kisu cha kukunja kisicho na loki kinashikiliwa na springi peke yake. Ukiminya vibaya, ncha ikikwama kwenye fundo la kamba nawe ukasukuma mbele, bapa linarudi juu ya vidole vyako. Nchi kavu, ukimenya chungwa, haina shida. Ndani ya boti inayoyumba, unakata kamba ya plastiki iliyokaza, vidole vinaondoka. Nimeshawafunga wenzangu vitambaa vya damu kwa sababu hiyo. Wanaouliza kisu kipi ni cha hatari nawajibu: chenye loki mbovu au kisicho nayo kabisa, kifunguke kwa mkono mmoja au kwa mikono kumi.

Wazee wenzangu nao wana hoja yao, kwamba cha ala kinatosha. Cha ala hakina kiungo cha kulegea, hakihitaji kufunguliwa, na kwa nguvu kinashinda vyote. Kwenye boti lazima kiwepo. Lakini mkiwa mnavuta wavu, mpini unaochomoza kiunoni unanasa kwenye macho ya wavu, kwa hiyo watu wanakivua na kukiweka pembeni, na pembeni ndiko kinakofunikwa. Halafu kazi ikiisha unapanda daladala kwenda Buzuruga ukiwa na ala kiunoni? Hapo ndipo utawatisha watoto wa watu. Cha kukunja kinatulia mfukoni na hakimtishi mtu.

Kwa kuwa wateja huniuliza kila siku, na gazeti hili linasomwa mpaka visiwani, niseme na kipi nakipenda. Chenye kitundu kwenye bapa nakiweka mbele ya chenye kichwa cha chuma. Kitundu kikiwa kipana unakipata kwa kidole chenye ute, chenye baridi, hata chenye glovu, na hakichomozi. Kile kichwa cha chuma kinafanya kazi vizuri nchi kavu, lakini macho ya wavu yanakipenda mno. Vipo pia vyenye kijipande kinachochomoza nyuma ya bapa, unakivuta kwa kidole cha shahada na bapa linatoka kwa kasi. Vijana ndivyo wanavyovililia. Vingi vya aina hiyo vina gololi ndogo ndani ya kiungo, na mchanga wa ufukweni ukiingia humo kisu kinaanza kusaga.

Kuhusu loki, kuna ya bamba jembamba ndani ya mpini, linalojitega nyuma ya bapa lenyewe. Kukifunga kisu chake unaweka kidole gumba katika njia ya makali, na nyingi zimetengenezwa kwa mtu anayetumia mkono wa kulia. Mimi naipenda ya mgongoni, ile ambayo wengi waliijua kupitia kisu cha Buck 110 tangu mwaka 1964: unabonyeza mgongo wa mpini, basi. Inakubali kushoto na kulia sawasawa. Jambo hili watu hulipita haraka, nami naomba lifikiriwe sana. Kamba ikikunasa haikuulizi unatumia mkono gani. Kisu kinachofunguka kwa mkono wa kulia tu, siku mkono wa kulia ndio ulionaswa, ni chuma cha kukuzamisha.

Bapa liwe na ncha butu, mgongo umeshuka mpaka kukutana na makali. Mabaharia walitumia ncha za namna hiyo tangu zamani ili meli ikiyumba kisu kisimchome mwenzako. Mzazi mwenzangu, angalia hapa, maana hapa naamini tunaweza kukubaliana: kisu cha ncha butu kinakata kamba vizuri na ni kazi ngumu kumchoma nacho mtu. Nusu ya makali iwe na meno. Kamba ya katani ilikatwa na kisu chochote, hizi za plastiki zinateleza, na meno ndiyo yanayozikamata. Kutu isikuumize kichwa sana, maji yetu hayana chumvi. Suuza, kausha, tone la mafuta kwenye kiungo.

Tatizo kubwa la soko letu ni visu vya bandia. Vinakuja vimepigwa chapa za kampuni kubwa, loki zake ni kama ubua. Ukinunua, kifungue, shika bapa ulitikise kushoto na kulia, lisicheze. Kisha, vidole vikiwa mbali na njia ya makali, gonga mgongo wa bapa polepole kwenye meza. Kikijikunja, mrudishie mwenye duka hata kama ni mimi. Hicho ndicho cha kupigwa marufuku, na wakaguzi wakitaka kuanza na duka langu waje.

Ombi langu kwa viongozi wa BMU, vikundi vya kusimamia uvuvi kwenye mialo yetu, ni dogo. Wanapokagua majaketi okozi kabla boti hazijaondoka, waulize na kisu: kila mtu anacho, kiko mfukoni, na anaweza kukifungua kwa mkono wa kushoto huku wa kulia umeshika ukingo? Asiyeweza afundishwe palepale ufukweni. Na kwa wafanyabiashara wenzangu wanaofuata mzigo Kariakoo: tuleteeni vya ncha butu vyenye kitundu na loki ya mgongoni. Havipatikani kwa urahisi, na mvuvi akivikosa ananunua kile kinachong'aa zaidi.

Ni mimi,
Muuza zana za uvuvi,
Kirumba, Mwanza