Mwanangu, usikubali kuambiwa "itaingia tu"

Ng'ambo, Tabora
Novemba

Mwanangu Nyamizi,

Salaam nyingi kutoka nyumbani. Sisi hatujambo, ila tangu uniandikie kwamba fundi wa huko Mwanga, Kigoma, ameahidi kukufungia pedali za Phoenix kwenye hiyo baiskeli yako ya Peugeot, na kwamba alipoona zinagoma alisema "itaingia tu", sijatulia. Nakuomba, kabla ya jambo lingine lolote, asiiguse tena baiskeli hiyo mpaka umalize kusoma barua hii.

Pedali hizo haziwezi kuingia kwa haki. Baiskeli tulizozizoea huku kwetu, kuanzia Raleigh hadi Phoenix, zinafuata vipimo vya Kiingereza, na ekseli ya pedali zake ina unene wa inchi 9/16 na nyuzi 20, yaani mizunguko ya skrubu, katika kila inchi. Peugeot za zamani zilichongwa kwa vipimo vya Kifaransa, yaani unene wa milimita 14 na nafasi ya milimita 1.25 kutoka uzi mmoja hadi mwingine. Wewe ni mwalimu wa hesabu, kokotoa mwenyewe: tofauti ya unene haifiki hata theluthi moja ya milimita. Ndiyo maana inadanganya. Pedali itashika mzunguko mmoja au miwili, itakaza, fundi atachomeka bomba kwenye spana apate nguvu zaidi, na kuanzia hapo nyuzi za krenki, ule mkono wa chuma unaobeba pedali, zitakuwa zinakatwa huku yeye akiamini kwamba anafunga. Kwa macho itaonekana imekaa sawa. Siku utakaposimama juu yake ukipanda mlima na uzito wako wote uko mguu mmoja, itachomoka, na lori likiwa nyuma yako sijui utafanya nini.

Zile pedali kuukuu ulizoikuta nazo usizitupe, hata kama zimevunjika. Futa grisi iliyogandia kwenye ncha ya ekseli uangalie: za Kifaransa hugongwa herufi D kwa upande wa kulia na G kwa upande wa kushoto, wakati za Kiingereza zina R na L. Ukiikuta D, mjadala na fundi umekwisha.

Umeniambia pia kwamba kikombe cha gololi upande wa kulia wa krenki kimeshindikana, na kwamba mmeshakipiga nyundo. Hapa lazima niseme wazi kwamba sikufurahi. Katika baiskeli za Kiingereza kikombe cha kulia kina nyuzi za kinyume, kwa hiyo hufunguliwa kwa kuzungusha upande unaokwenda mshale wa saa, na mikono ya mafundi wetu wote imezoea hivyo. Peugeot nyingi za kale zina nyuzi za kawaida pande zote mbili. Inawezekana kabisa kwamba muda wote huo mlikuwa mnakikaza. Mwagieni mafuta mepesi ya kulainisha kutu, kiacheni kilale usiku kucha, kisha mkijaribu kwa upande mwingine, kwa spana inayokishika barabara na bila nyundo. Kikifunguka, safisha uso wake kwa kitambaa chenye mafuta ya taa na upitishe ukucha pale gololi zinapopita. Ukihisi vishimo, kikombe hicho hakifai tena hata ukijaza grisi kiasi gani.

Kotapini, zile pini zinazobana krenki kwenye ekseli yake, nazo ni hivyo hivyo. Ukiigonga kotapini huku krenki ikining'inia, pigo linashuka moja kwa moja kwenye gololi na vikombe, ukaharibu unachotaka kukiokoa. Legeza nati mpaka ilingane na ncha ya pini ili nyuzi zisivunjike, weka kipande cha bomba upande wa pili pini ipate pa kutokea, halafu ibane taratibu kwenye jiliwa. Shule ya ufundi iliyo karibu nawe haiwezi kukosa jiliwa. Nenda ukaombe kwa adabu. Pini za Kifaransa aghalabu ni milimita 9, na zinazouzwa madukani kwetu ni 9.5. Fundi atakwambia atanue tundu. Asitanue.

Na tairi. Katika picha nimesoma 700 kwenye tairi lako lililochanika, nawe unasema umepata la 28 la bei nafuu. Hilo la 28 la Phoenix hukaa kwenye rimu yenye kipenyo cha milimita 635, na rimu yako ni ya 622. Litavaa kwa urahisi mno, hata utafurahi, kisha ukilijaza upepo litaruka nje ya rimu. Afadhali usubiri la saizi yake kutoka Dar es Salaam.

Usidhani sioni kazi uliyoifanya. Ile picha ya gololi ulizozisafisha na kuzipanga kwenye vifuniko vya soda, za mbele peke yake na za nyuma peke yake, nimemwonyesha mama yako na kila mzee aliyepita barazani. Kaka yako ndiye niliyekuwa nikimshikisha spana, na leo hawezi kuziba pancha. Wewe hukuwahi kushikishwa, na umefungua habu mwenyewe. Ila ungeniuliza kabla ya kununua. Ningekwambia uangalie krenki kwanza, ndipo rangi.

Sasa sikiliza ninachotaka ufanye. Zitoe krenki zote mbili unitumie kwa treni. Yupo mkerezaji hapa mjini, tulikuwa naye karakana ya reli, ana vikata nyuzi vya 9/16 vya kulia na vya kushoto. Atazikata upya kwa kipimo cha Kiingereza, na kwa kuwa kipimo hicho ni kinene kidogo, chuma kilichopo kinatosha. Baada ya hapo pedali yoyote ya dukani itaingia kwa vidole, bila kubembelezwa wala kulazimishwa. Kama yule fundi ameshaanza kuzikata, niambie ukweli, sitakukaripia.

Kuhusu kuja na hiyo baiskeli shule zikifungwa, ni zaidi ya kilomita 400 na mvua zitakuwa zimekolea. Rimu za chuma zikilowa, breki hazishiki. Mimi ningependa upande treni nayo. Tutaongea.

Mama yako anaomba mawese lita tano na dagaa, na amekuwekea michembe. Bati la jikoni linavuja tena, kwa hiyo fedha za rangi ya baiskeli ulizoniomba zitachelewa; rangi si kitu cha haraka.

Krenki uzifunge pamoja kwa kitambaa, uandike jina langu, uziweke mbali na mawese, na unipigie simu treni ikishaondoka. Na nikifungua furushi nisikute pedali ya Phoenix imo ndani ya tundu.

Baba yako