Heri ya Krismasi, ndugu zetu wa Sudan Kusini

Kwenu mlioko Juba, Bor, Malakal, Bentiu na Wau, nanyi mtakaosali kesho katika makanisa ya kambini, Kakuma na kaskazini mwa Uganda: Heri ya Krismasi.

Najua kwenu Desemba haiji na furaha peke yake. Usiku wa Desemba 15, 2013, siku kumi kabla ya sikukuu, risasi zilianza kulia katika kambi ya jeshi mjini Juba. Krismasi ilipofika, maelfu ya watu walikuwa wamejazana ndani ya vituo vya Umoja wa Mataifa, na wengine wakikimbia Bor kwa mitumbwi, wakivuka Nile usiku na watoto wao. Nchi ilikuwa na miaka miwili na nusu tu. Wako miongoni mwenu ambao tangu mwaka ule hawajala sikukuu nyumbani.

Sisi Wakenya tulidhani shida zenu zimekwisha. Januari 9, 2005, mkataba wa amani kati ya serikali ya Sudan na waasi wa kusini ulitiwa saini hapa Nairobi, katika uwanja wa Nyayo, na John Garang, kiongozi wa waasi hao, akashangiliwa kama mtoto wa nyumbani. Hata miezi saba haikutimia, akafa katika ajali ya helikopta. Uhuru ulikuja Julai 9, 2011, naye hayupo.

Tangu hapo amani yenu imefungwa kwenye uhusiano wa watu wawili, na hilo ndilo linaloniuma zaidi. Julai 2013 Rais Salva Kiir alimfuta kazi makamu wake, Riek Machar, pamoja na baraza zima la mawaziri. Desemba vita vikaanza. Wakapatana Agosti 2015, na Julai 2016 risasi zikalia tena Juba. Wakapatana Septemba 2018, wakaunda serikali ya umoja Februari 2020. Machi 2025 Machar akazuiliwa nyumbani kwake, na Septemba akafunguliwa mashtaka. Kila wanapokosana, mama aliyeko Nasir au Yei, ambaye hajawahi kuketi nao meza moja, anafunga tena mzigo wake. Mnaishi roho juu, mkisikiliza redio mjue kama wakubwa bado wanasalimiana.

Aprili 2019, kule Vatican, Papa Francis aliwapigia magoti viongozi hao na kubusu viatu vyao, akiwasihi wadumu katika amani. Mzee yule, miguu inamsumbua, aliinama kwa shida mbele ya mmoja hadi mwingine. Alifariki Aprili 2025, na ombi lake bado liko mikononi mwao.

Mkataba wa 2018 uliahidi jeshi moja, katiba ya kudumu na uchaguzi. Vikosi vya pande mbili havijawa jeshi moja kweli, katiba haijakamilika, na uchaguzi uliosogezwa mara kadhaa sasa umepangwa Desemba 2026. Sishabikii upande wowote. Ninachowaomba viongozi ni kwamba wanajeshi watii amri ya taifa, hata siku wakubwa wao wakinuniana.

Usiku wa leo Injili ya Luka itasomwa tena: amri imetoka watu waandikwe, kila mtu akaenda mjini kwao, naye Yosefu akapanda Bethlehemu na Mariamu aliyekuwa mjamzito. Ninapoisikia nawafikiria ninyi. Sensa yenu ya mwisho ilikuwa ya 2008, kabla hamjapata hata uhuru wenu. Zaidi ya watu milioni mbili wako nje kama wakimbizi, na wengi wengine wamehama ndani ya nchi. Nani atawaandika, na mji wao uko wapi, ikiwa ua lina nyasi za kimo cha mtu na nyumba imeingiwa na mwingine? Kabla ya kuwaomba kura, viongozi wawafungulie kwanza njia ya kurudi.

Kesho wengi wenu mtatoka na ngoma na misalaba, mkiimba. Imbeni kwa sauti. Nawaombea mwaka ujao Desemba 15 ipite kama siku nyingine yoyote: watoto shuleni, soko wazi, na usiku mtu alale hadi asubuhi.

Heri ya Krismasi, na mwaka mpya wa kurudi nyumbani.